Mchele ulikuwapo, watu wakafa

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, juma lililopita tulizungumza juu ya mavuno. Barua zilizonifikia baada ya hapo zilikuwa nyingi, na karibu zote zilishika wazo moja: njaa huja pale chakula kinapokwisha. Mvua ikikosekana shamba halizai, shamba lisipozaa ghala linabaki tupu, na ghala likiwa tupu watu wanakufa. Msikilizaji mmoja aliandika kwa mkato kabisa kwamba jambo hilo halihitaji profesa kulieleza.

Kwa heshima zote, leo nataka kuonyesha kwamba linamhitaji. Wako maprofesa waliolishughulikia jambo hilo kwa zaidi ya miaka 40, na mabishano yao hayajakwisha. Wanabishana juu ya msiba mmoja uliotokea Asia, katika jimbo la Bengal, mwaka 1943. Nimeuchagua msiba huo kwa sababu umechunguzwa kuliko njaa nyingi duniani, na kwa sababu yaliyogunduliwa humo yanatuhusu hasa sisi tunaoishi mjini.

Kwanza tuelewane ni wapi. Bengal wakati huo ilikuwa jimbo la India chini ya utawala wa Uingereza, lenye watu wapatao milioni 60. Mwaka 1947 jimbo hilo liligawanywa: magharibi ikabaki India, na mashariki ndiyo leo nchi ya Bangladesh. Ni nchi tambarare ya mito, matope na mpunga. Huko wali ndicho chakula chenyewe, na asiye na wali huhesabu kwamba hajala. Mji wake mkuu ulikuwa Calcutta, ambao siku hizi huitwa Kolkata.

Kati ya mwaka 1943 na 1944 walikufa huko watu wengi mno. Tume ya uchunguzi ya serikali ilitoa ripoti yake mwaka 1945, ikakadiria vifo kuwa kama milioni moja na nusu. Watafiti waliozipitia hesabu hizo baadaye wanasema ni kati ya milioni mbili na milioni tatu. Wengi wao hawakufa kwa tumbo tupu peke yake. Walimalizwa na malaria, kipindupindu na ndui, maradhi ambayo huukuta mwili uliodhoofika na kuuangusha upesi. Zaidi ya nusu ya vifo vilitokea mwaka 1944, wakati mavuno mazuri yalikwisha kuingia ghalani.

Sasa, kilitokea nini? Maelezo ya zamani yalikuwa kama yale ya barua zenu: chakula kilipungua. Na kweli zilikuwapo sababu za kudhani hivyo. Mwezi Machi 1942 majeshi ya Japani yaliuteka mji wa Rangoon, na mchele wa Burma uliokuwa ukiingia Bengal ukakatika. Hapa nitue kidogo, maana Burma, nchi inayoitwa Myanmar leo, si jina geni kwetu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko, na wazee waliorudi walitusimulia misitu yake, mvua zake na ruba zake. Basi vita ile ile iliyowachukua vijana wetu ndiyo iliyoufunga mlango wa mchele wa Bengal.

Baada ya hapo, tarehe 16 Oktoba 1942, kimbunga kikubwa kiliipiga pwani ya Bengal. Bahari ilipanda nchi kavu, mashamba yakajaa maji ya chumvi, watu na mifugo wakasombwa. Kisha mpunga uliosalia ukaingiwa na ugonjwa wa kuvu unaotia majani madoa ya kahawia. Ukiyajumlisha yote hayo unapata hadithi inayoeleweka: vita, kimbunga, ugonjwa, halafu njaa.

Mtu aliyeitikisa hadithi hiyo ni Amartya Sen, mchumi wa Kihindi aliyezaliwa mwaka 1933 na kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998. Njaa hiyo aliiona kwa macho yake akiwa mtoto wa shule huko Santiniketan. Ameeleza jinsi maskini walivyopita wakiomba, na jinsi babu yake alivyomruhusu awape mchele kwa kipimo cha kopo la sigara. Jambo moja lilimkaa moyoni hata ukubwani. Watu walikuwa wakifa njiani, lakini katika shule yake, na katika jamaa za wanafunzi wenzake, hakuna aliyekosa chakula. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Sen yeye alijiuliza imekuwaje jimbo moja, katika mwaka mmoja, liwe na walioshiba kabisa na wanaokufa kabisa.

Katika miaka ya 1970 alizifungua tena takwimu za serikali akazipiga hesabu upya, na mwaka 1981 akatoa kitabu. Aliyoyaona ni haya. Chakula kilichokuwapo Bengal mwaka 1943 kilipungua kwa asilimia 5 hivi tu kikilinganishwa na wastani wa miaka mitano iliyotangulia. Tena kilikuwa kingi kuliko cha mwaka 1941 kwa asilimia 13, na mwaka 1941 haikuwapo njaa. Ikiwa ghala lilikuwa na akiba kubwa mwaka wa vifo kuliko mwaka wa salama, basi ghala peke yake halitoshi kueleza vifo hivyo.

Kitu gani basi kinaeleza? Sen alisema tuache kuuliza chakula ni kiasi gani, tuulize kila mtu hukipata kwa njia gani. Mkulima hula alicholima. Mvuvi hali samaki siku zote. Huuza samaki akanunua mchele. Kinyozi huuza wembe wake na mkono wake. Kibarua huuza nguvu zake kwa siku. Hawa wote wanaishi kwa kubadilishana, na siku ile bei ya mchele inaporuka juu huku ujira ukibaki pale pale, wanaweza kufa mbele ya duka lililojaa magunia.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi Desemba 1942 mchele uliuzwa kwa jumla mjini Calcutta kwa rupia 13 au 14 kwa kipimo chao cha maund, ambacho ni kama kilo 37. Mwezi Machi 1943 ulifika rupia 21, na Mei ukapita rupia 30. Yaani katika miezi mitano bei ilizidi maradufu, na iliendelea kupanda. Serikali ilikuwa ikitumia fedha nyingi mno kwa ajili ya vita: kambi, viwanja vya ndege, viwanda, mishahara. Fedha hizo zilimiminika mjini na kwenye kazi za jeshi. Waliozipata waliweza kuifuata bei. Kibarua wa kijijini hakuweza.

Tazama waliokufa ni akina nani. Waliopigwa vibaya zaidi ni vibarua wa mashambani, wavuvi, wachukuzi, mafundi wa vijijini, na wanawake waliotwanga mpunga wa watu kwa ujira. Wakulima wenye mashamba yao, na hata wale waliolima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, waliumia kidogo zaidi, kwa kuwa malipo yao yalikuwa mpunga wenyewe. Ukame ungekuwa ndio muuaji, ungeanza na mkulima.

Juu ya hayo serikali iliongeza mkono wake. Kwa kuhofia kwamba Wajapani wangeingia kutoka Burma, mwaka 1942 iliamuru vyombo vya majini vya pwani viondolewe au viharibiwe ili adui asivitumie. Mashua zaidi ya 40,000 ziliondolewa katika matumizi. Katika nchi ya mito mashua ndiyo barabara. Mvuvi akakosa kazi, mfinyanzi akakosa udongo uliokuwa ukiletwa kwa maji, mkulima akashindwa kuvuka kwenda shamba lake la kisiwani. Kadhalika mchele wa ziada wa wilaya za pwani ulinunuliwa na kuhamishwa. Majimbo mengine ya India nayo yakapiga marufuku nafaka kutoka nje ya mipaka yao, kila moja likishika chake.

Na Calcutta? Calcutta ililindwa. Wafanyakazi wa viwanda, wa reli, wa bandari na wa ofisi za serikali walipata mchele wa bei nafuu kupitia maduka maalumu na waajiri wao, kwa sababu vita isingeweza kuendeshwa bila wao. Ili kuwapatia hao, mchele ulivutwa kutoka mashamba kwa bei yoyote, na bei ya kijijini ikazidi kupanda. Ndiyo maana maiti zilizoonekana katika barabara za Calcutta hazikuwa za wenyeji wa mji. Zilikuwa za watu wa vijijini waliokuja kwa miguu kuufuata mchele uliokwisha kuwatangulia. Walipofika walisimama milangoni, wala hawakuomba wali. Waliomba maji yaliyochemshiwa mchele, yale yanayomwagwa.

Wakati huo serikali haikutangaza njaa. India ilikuwa na Kanuni za Njaa tangu karne ya 19, zinazoeleza hatua za kuchukua: kufungua kazi za ujira, kugawa chakula, kulisha wasiojiweza. Kanuni hizo hazikutumika Bengal, maana kutangaza njaa ni kukubali wajibu wa kulisha watu. Magazeti nayo yalibanwa na amri za wakati wa vita. Mhariri wa gazeti la The Statesman, Mwingereza Ian Stephens, aliona kwamba amri zile zilihusu maneno, hazikutaja picha. Tarehe 22 Agosti 1943 akachapisha picha za watu wanaokufa barabarani. Baada ya hapo jambo lile halikufichika tena, si India, si London. Nami kama mtu wa chombo cha habari nasema wazi kwamba tukio hilo hunifanya nikae na kufikiri kila ninaposikia njaa ikiitwa "upungufu wa kawaida".

Ndugu msikilizaji, hadi hapa utadhani kesi imekwisha. La, utafiti hauendi hivyo. Baada ya Sen walitokea wataalamu wengine waliomhoji.

Mmoja ni Mark Tauger, mwanahistoria wa Marekani. Aliuliza: hizo takwimu za mavuno alizozitegemea Sen zilikusanywa vipi? Nyingi zilikuwa makadirio ya maofisa waliotazama mashamba kwa macho. Tauger alizitazama rekodi za vituo viwili vya utafiti wa mpunga, ambako mavuno yalipimwa kwa mizani, akakuta kwamba mwishoni mwa 1942 yalianguka vibaya sana kwa ajili ya ule ugonjwa wa kuvu. Kwa hiyo, akasema, upungufu ulikuwa mkubwa kuliko makaratasi yalivyosema.

Mwingine ni Cormac Ó Gráda wa Ireland, bingwa wa historia ya njaa. Yeye anakumbusha kwamba katikati ya 1943 serikali ilifanya msako kijiji kwa kijiji kutafuta mchele uliofichwa na wafanyabiashara, na ilipata kidogo tu. Kwa maoni yake upungufu ulikuwapo kweli, na kosa kubwa ni la watawala, waliokataa kuukiri na kuagiza chakula kutoka nje kwa sababu vita ilitangulizwa mbele ya watu.

Hapo ndipo linapoingia suala la London. Mwaka 2010 mwandishi Madhusree Mukerjee alitoa kitabu kinachochunguza kumbukumbu za Baraza la Mawaziri la Vita chini ya Winston Churchill. Katikati ya 1943 Leo Amery, waziri aliyehusika na India, aliomba tani 500,000 za nafaka. Baraza lilikubali kiasi kidogo mno kuliko hicho, likisema meli hazipo. Mukerjee anajibu kwamba meli zilikuwapo ila zilipangiwa kazi nyingine, mojawapo ikiwa ni kujaza akiba ya Uingereza yenyewe. Wanaomtetea Churchill husema manowari za adui zilikuwa zikizamisha meli, na kwamba Aprili 1944 alimwomba Rais Roosevelt wa Marekani msaada wa meli akanyimwa. Hilo nalo ni kweli. Lakini Aprili 1944 ilikuwa miezi minane baada ya picha za Stephens. Msaada wa maana ulianza Oktoba 1943 alipofika mtawala mpya wa India, Wavell, aliyeingiza jeshi kazini kusafirisha chakula mpaka vijijini.

Mwaka 2019 likaja jambo jingine, safari hii kutoka kwa wataalamu wa maji. Vimal Mishra na wenzake wa chuo kimoja cha teknolojia huko Gandhinagar, India, walitumia kompyuta kukadiria unyevu wa ardhini kwa miaka yote tangu 1870 hadi 2016. Njaa nyingi kubwa za India za karne ya 19 zilionekana waziwazi: ardhi ilikauka. Njaa ya 1943 haikuonekana. Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri, na wakahitimisha kwamba msiba ule ulitokana na sera za watawala.

Je, hilo linammaliza Tauger? Hapana, maana kuvu hupenda unyevu. Mvua nyingi na ugonjwa wa mpunga vyaweza kwenda pamoja. Linaloondoka kabisa ni ukame. Hakuna tena awezaye kusema mbingu zilikataa. Na mimi, nikiyapima maneno ya pande zote, naona jambo moja ambalo wote wanalikubali: hata kama upungufu ulikuwa mkubwa kuliko alivyohesabu Sen, haukuwapiga watu wote sawa. Shamba liliamua ni gunia ngapi. Bei, ujira, mashua na amri za ofisini ziliamua nani afe.

Kwa kuthibitisha, tazama mifano miwili ya baadaye. Mwaka 1974 Bangladesh ilipatwa na njaa baada ya mafuriko. Sen aligundua kwamba chakula kwa kila mtu mwaka huo kilikuwa kingi kuliko mwaka wowote kati ya 1971 na 1975. Mafuriko yaliwanyima vibarua kazi za shambani, bei ikapanda kwa hofu, nao wakafa kabla hata ya mavuno mabaya kufika sokoni. Mwaka uliotangulia, 1973, jimbo la Maharashtra huko India lilikuwa katika ukame mkali, na mavuno yalianguka kweli. Serikali ilifungua kazi za ujira: barabara, mabwawa, visima. Wakati wa kilele watu wapatao milioni tano walikuwa kazini. Njaa kubwa haikutokea. Mchele mwingi na vifo upande mmoja. Nafaka haba na watu wazima upande wa pili. Tofauti ilikuwa fedha mkononi mwa kibarua.

Wabengali wenyewe hawakungoja maprofesa. Mchoraji Zainul Abedin aliichora njaa ile kwa wino mweusi mwaka ule ule wa 1943. Mchoraji mwenzake Chittaprosad alitoa kitabu cha michoro na maelezo, watawala wakakamata nakala zake. Mwaka 1944 Bijon Bhattacharya aliandika tamthilia iitwayo Nabanna, ikachezwa mbele ya umati. Na mwaka 1973 Satyajit Ray alitengeneza filamu juu ya kijiji kimoja ambako mashamba ni ya kijani na watu wanakosa wali, akapewa nayo tuzo kubwa mjini Berlin. Utaona kwamba wasanii hao walikwisha kuliona tangu mwanzo jambo ambalo takwimu zilichelewa kulisema.

Na redio haikukaa nyuma. Mwaka 2024 mtangazaji Kavita Puri wa BBC alitoa mfululizo wa vipindi ambamo wazee waliookoka walisimulia kwa sauti zao. Ilikuwa zaidi ya miaka 80 imepita. Wengi hawakuwahi kuulizwa. Watu milioni mbili au tatu wamekufa, na simulizi zao zilikuwa zinazikwa pamoja na wa mwisho wao.

Sasa nirudi kwetu mjini. Mimi na wewe hatuli tulicholima. Tunauza kazi zetu tukanunua unga, mchele na maharage. Katika hesabu ya Sen, mpiga rangi viatu, dereva wa daladala, mama lishe, karani na mwandishi wa habari wote wako upande wa mvuvi wa Bengal. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba maghala ya taifa yamejaa, tufurahi, kisha tuulize swali la pili: kibarua wa siku moja ananunua kilo ngapi kwa ujira wake, na mwezi uliopita alinunua ngapi? Swali hilo halihitaji kompyuta. Linahitaji mtu wa kwenda sokoni na daftari kila juma, aandike bei, aandike ujira, na apatikane wa kuyatangaza yale aliyoyaandika hata kama hayapendezi.

Bengal ilikuwa na maofisa waliohesabu mpunga, tena wakauhesabu kwa macho. Haikuwa na ofisi iliyomhesabu mwanamke anayetwanga mpunga wa jirani, kujua kama ujira wake ulitosha kumpeleka hadi kesho. Walipomhesabu, alikuwa maiti kando ya barabara ya Calcutta.

Msikilizaji wetu wa ile barua, nadhani tumeelewana. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea.